Picha ya Nyuma ya Jicho la Shemeji

Nitaanza na kibuyu, kwa sababu bila kibuyu hutaelewa kwa nini nilifurahi siku dokta aliposema mishipa ya shemeji yangu imeharibika. Nilifurahi, ndiyo. Watu wakizeeka huanza kusema wamesamehe kila mtu. Mimi nimezeeka na hilo sijalisema.

Mimi ni mtu wa upande wa Kisii. Baba na mama walikuja kuchuma chai kwenye shamba kubwa la kampuni, Kericho huko, nikakulia kwenye laini za nyumba za wafanyakazi. Kipsigis nilijifunza nikicheza, kwa hivyo naongea kama wao, mpaka mtu aniulize kwetu ni wapi. Shule niliacha darasa la tatu. Si kwamba nilikuwa mjinga, ni kwamba mwalimu alipenda kutuma watoto kuni na mimi kuni nilizijua tayari. Haya, nikawa mkubwa, nikaolewa na mjane mmoja wa kiume karibu na Roret, mtu mpole, mwenye chai yake na ng'ombe watatu. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki bila mtoto. Mimi nikamzalia msichana.

Sasa, ukiolewa huko hawakupimi kwa ugali. Wanakupima kwa mursik. Ni maziwa ya kulala ndani ya kibuyu, na kile kibuyu wanakiita sotet. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka ncha iwe makaa, unakiingiza ndani ya kibuyu, unasugua, unasugua, mpaka ukuta wa ndani uwe mweusi na uteleze. Halafu ndiyo maziwa yaingie, yakae siku zake. Mama mkwe wangu alinifundisha mkono wake ukiwa juu ya mkono wangu. Alikuwa mama wa maneno machache. Aliponipa kibuyu chake mwenyewe, kile alichopewa na mama yake, chenye shanga shingoni, alisema tu, "Usikiangushe." Nikalala nacho karibu na kitanda usiku ule kama mtoto.

Kila mtu alikunywa maziwa yangu isipokuwa mmoja. Huyo ni shemeji, ndugu mkubwa wa mzee wangu. Alikuwa mzee wa kanisa na tena mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani, na koti lake la kijivu hakulivua hata jua likiwaka. Tangu siku niliyoingia kwenye boma lile, alikataa kuonja. Nikimletea kikombe anakisukuma na kidole kimoja, hivi, kama mtu anasukuma kinyesi cha kuku.

"Mimi maziwa ya huyu siwezi," anaambia watu, na mimi nimesimama pale. "Hao wa ng'ambo unajua wanaweka nini?"

Watu wanacheka. Mzee wangu anaangalia miguu yake. Miaka mitatu. Kumbuka hilo la kutoonja, ndilo lilikuja kunisaidia.

Basi mwaka mmoja katika ile ya tisini mvua ilikataa kuisha. Ukienda kuchuma unarudi umelowa mpaka ndani ya masikio. Senetwet niliyokuwa nimekausha juu ya jiko iliisha, na ile mbichi haishiki moto, inatoa moshi tu. Hapo ndipo nikafanya kosa. Nikachukua kijiti cha mti ule wanaoutumia kwa kuni za kiwanda cha chai, kilikuwa kikavu vizuri, nikakichoma, nikasugua kibuyu nacho. Nilijiambia makaa ni makaa. Mtu aliyezaliwa pale hawezi kufikiria hivyo hata akiwa mlevi, kwao ni kama kumwagia chai chumvi ukasema nyeupe ni nyeupe. Maziwa yakatoka ya kijivu, na uchungu kidogo mwishoni. Mzee wangu alikunywa, akakunja uso, akasema, "Leo ni mkali." Akamaliza, kwa sababu alikuwa mpole.

Wiki haikuisha. Tulikuwa tunachuma, mzee wangu ameweka fimbo yake juu ya chai vile tunafanya ili meza ya majani iwe sawa, nikaona fimbo inateleza. Nikamwambia, "Shika fimbo." Akaniangalia. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Kikapu kikamvuta chini, majani yote yakamwagika, na yeye akalala juu yake akijaribu kusema jina langu na linatoka kama maji ya kusukutua.

Hospitali walimweka siku nyingi, akarudi na mkono mmoja umekufa na mguu wa kuburuta. Waliita stroki. Walisema ni presha. Lakini presha huwezi kuishika, na watu wanapenda kitu cha kushika. Shemeji alishika kibuyu changu.

Alikuja asubuhi na wazee wa ukoo. Sijui nani alimwambia, nadhani ni mimi mwenyewe nilisema mtoni, mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Akaingia jikoni kwangu bila hodi, akatoka na kibuyu, akamimina maziwa kwenye nyasi ili waone ile rangi. Akauliza, "Hii ni senetwet?"

Nikasema ukweli. "Hapana, shemeji. Ilikuwa imeisha."

"Mmesikia? Amesema mwenyewe! Amemsugulia ndugu yangu kifo!"

Akakipiga kibuyu kwenye jiwe la kunolea panga. Shanga zikaruka mpaka kwa kuku. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake, aliona kibuyu cha mama yake kikipasuka. Mimi nikapiga magoti kuokota shanga. Wakaamua siku hiyo hiyo: mzee wangu akipata nguvu kidogo ya kukaa kwenye kiti na kusikia, kutakuwa na mkutano wa ukoo, na mimi nitarudishwa kwetu. Mtoto atabaki. Walisema hilo la mtoto kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa chini pia, karibu na miguu yao.

Nitakuambia kitu ambacho sikuambia mtu wakati ule. Nilianza kuamini. Nikilala naona ile rangi ya kijivu. Nilijiuliza, na kama ni kweli ule mti una sumu? Na kama nimemuua nusu mtu ambaye hajawahi kunipandishia sauti? Kwa hivyo chuki yangu kwa shemeji ilikuwa na hofu ndani yake, na chuki ya namna hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mkutano ukapangwa Jumamosi. Na Jumatano ya wiki hiyo, wakaja watu wa macho.

Kanisani ilikuwa imetangazwa kwamba madaktari wa macho watakuja Roret siku mbili, watapima bure kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee wangu alikuwa analalamika anaona kama kupitia moshi. Nikamwomba dereva wa trekta ya majani atubebe. Tulikaa juu ya magunia, mzee wangu ameshika kofia na mkono wake mzima, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimemwona akicheka na nusu ya uso. Alisema, "Leo mimi ndiyo majani."

Tulipofika, nani amesimama mlangoni na karatasi ya majina? Shemeji. Pahali pana foleni, yeye lazima aongoze. Akatuangalia, akaandika jina la ndugu yake mwisho kabisa, nyuma ya watoto wenye macho mekundu.

Lakini Mungu naye ana mambo. Nesi akatoka akauliza nani anajua Kipsigis na Kiswahili vizuri, kwa sababu dokta alikuwa mtu wa mbali na kina mama wazee hawamwelewi. Nikainua mkono kabla shemeji hajageuka. Akasema, "Huyo si wa hapa." Nesi akasema, "Sijauliza ni wa wapi." Nikapita mbele yake, koti langu likagusa koti lake.

Ndani walikuwa wameziba madirisha na blanketi, giza kabisa, na jenereta inanguruma nje. Kulikuwa na mashine juu ya meza, ya kuweka kidevu. Kwanza unatiwa matone jicho lifunguke, unangoja, halafu unaweka kidevu, dokta anaangalia kwa upande wake, na mwanga unapiga, paf! Wamama walikuwa wanapiga kelele kila mara. Mimi nilikuwa nawashika kichwa na kuwaambia tulia kogo, tulia bibi, hakuna mtu anakuchoma. Dokta alikuwa kijana, na viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba, nikampenda kwa hilo. Picha inatoka hapo hapo, anaipeperusha kidogo, na sura inakuja polepole. Ni kitu chekundu, cha rangi ya machungwa, cha duara, na mishipa imetambaa kutoka mahali pamoja kama mizizi ya mche ukiung'oa kwenye kitalu. Hiyo ni nyuma ya jicho. Sikujua kuna kitu nyuma ya jicho. Nilidhani ni kichwa tu.

Jioni karibu ndiyo mzee wangu akafikiwa. Nilimweka kidevu mwenyewe, nikafuta mate yake. Paf. Dokta akaangalia ile picha muda mrefu kuliko zingine.

"Huyu alishapata stroki?"

"Ndiyo. Wakati wa mvua."

Akanionyesha. Mishipa ya mzee wangu haikuwa kama ya wale wengine. Ilikuwa imekonda, inang'aa kama waya wa seng'enge. Pahali mmoja unapita juu ya mwenzake, ule wa chini umebanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kulikuwa na vidoa vya damu, na vingine vyeupe kama pamba.

"Katika mwili wote," dokta akasema, "hapa tu ndiyo naweza kuona mshipa wa damu bila kupasua mtu. Hii mishipa ya jicho na ile ya ubongo ni ya tumbo moja. Nikiona hii imekuwa hivi, najua ile ya kichwani pia iko hivi."

"Imekuwa hivi lini?"

"Mwaka siwezi kukutajia, mama. Lakini mshipa haugeuki namna hii kwa wiki. Hii ni presha imekaa miaka mingi, na hakuna mtu aliipima."

"Zaidi ya mitatu?"

"Mimi naona zaidi. Kwa nini mitatu?"

Nikamuuliza, "Mtu akikunywa maziwa yaliyosuguliwa na makaa ya mti mbaya, anaweza kuwa hivi?"

Akacheka kidogo, si kwa kunidharau. "Angeumwa na tumbo."

Nikakaa kwenye benchi. Kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani tangu mvua kikatoka. Na ile hofu ilipotoka, chuki ikabaki peke yake ndani, ina nafasi ya kutosha ya kutembea.

Nikauliza, "Dokta, huu ugonjwa unashika ndugu?"

"Mara nyingi. Ndugu zake wapimwe wote."

Nikatoka nje. Bado kulikuwa na watu wengi, wameketi kwenye nyasi wakingoja macho yao yarudi. Shemeji alikuwa anakunja karatasi yake. Nikasema kwa Kipsigis, na sauti ya kuitia ng'ombe, "Dokta anauliza kama ndugu ya mgonjwa anaweza kuingia. Nimemwambia hapana, huyo anaogopa mashine."

Shemeji akasimama. "Nani anaogopa?"

Kulikuwa na mama mmoja muuza mboga, mnene, ambaye shemeji aliwahi kumkatalia majani yake kituoni mbele ya watu. Huyo hakuhitaji kusukumwa. "Boiyot," akamwita kwa heshima ya mzee lakini meno yote nje, "wajukuu wangu wameingia hapo. Au inaonyesha dhambi?"

Watu wakacheka, safari hii si mimi niliyechekwa.

"Mimi sijawahi kuumwa hata kichwa!" shemeji akasema. "Sijawahi kumeza hata tembe moja!" Akaingia na koti lake.

Akatiwa matone, akangoja, kisha nikamshika kichwa. Mikono yangu juu ya masikio yake, mara ya kwanza na ya mwisho. Shingo ilikuwa moto. Paf. Dokta akapeperusha picha, na mimi nilikuwa nimeshajua kusoma kidogo. Mimi wa darasa la tatu, nikasoma kabla ya yeye kusema. Waya. Pamba. Vidoa. Ilikuwa mibaya kuliko ya ndugu yake.

Dokta akamfunga mkono na kile kitambaa cha presha, akapima, akarudia. Akaanza kumweleza taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu. Kiswahili shemeji alikuwa anaelewa vizuri sana. Hakuhitaji mkalimani. Lakini mimi nilitafsiri. Nilivuta blanketi la mlango, nikasimama pale mwangani, nikatafsiri kwa watu wote.

"Dokta anasema mishipa ya huyu imeoza kama ya ndugu yake! Anasema ni ya miaka mingi! Anasema anaweza kuanguka hata kesho!" Dokta hakusema imeoza. Hilo niliongeza.

Halafu nikageuka, nikamuuliza yeye, "Sasa shemeji, wewe ni nani alikusugulia? Maziwa yangu hujawahi kuonja. Umewaambia watu wote hawa, miaka mitatu. Sema basi, ulikunywa kwa nani?"

Hakuna mtu alicheka. Ilikuwa afadhali kuliko kucheka. Shemeji alichukua kofia yake, akapita katikati ya watu akigongana nao, kwa sababu matone bado yalikuwa kwenye macho na jua lilikuwa linamchoma. Alikanyaga sufuria ya mtu. Nimeweka picha hiyo kichwani mpaka leo, nikikosa usingizi naitoa naiangalia.

Dokta alinikasirikia. Alisema mambo ya mgonjwa hayatangazwi sokoni, na alisema kweli. Halafu akaandika kadi mbili, akanipa tembe za mzee wangu, na za shemeji akaziweka kwenye bahasha ya kaki na barua ya hospitali. "Ameacha dawa zake. Wewe ni wa nyumbani kwake, si ndiyo? Mpelekee leo. Si kesho. Leo, unanisikia?"

Nikasema, "Nimesikia."

Za mzee wangu nilimpa usiku huo huo na maji. Za shemeji nilizifunga kwenye kitambaa, nikazitundika jikoni kwenye msumari uliokuwa wa kibuyu.

Jumamosi mkutano ulikaa. Mzee wangu aliketi kwenye kiti. Wazee walizungumza juu ya mvua, juu ya barabara ya Mogogosiek, juu ya ng'ombe wa mtu fulani aliyeingia kwenye chai ya mwingine. Shemeji alikaa pembeni hakufungua mdomo. Mwishowe mzee mmoja akauliza kama kuna neno lingine. Hakukuwa. Wakaenda nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyobaki kwenye boma, hakuna mtu aliyesema nibaki na hakuna aliyesema pole.

Na mimi nilikuwa nataka mtu mmoja aseme. Nilitaka aje kwa mlango wangu, apige hodi, akae, anywe kutoka kwa kibuyu changu kipya, halafu ndiyo nimpe bahasha. Kila siku nilisugua kibuyu, senetwet safi, nikangoja. Nilikuwa namwona akipita kwenda kituoni, akishika kichwa kwa nyuma. Bahasha iko kwenye msumari. Siku ya nne. Siku ya saba. Nilisema kesho asipokuja nitampelekea, na kesho ikifika nasema ile ile.

Siku ya kumi mama mkwe aliingia kukopa moto. Akaona kile kitambaa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni dawa."

"Ya huyu wangu wa hapa?"

Nikainama nikachochea moto. Alikuwa na watoto wa kiume wawili tu. Akaniangalia, akaiangalia tena, hakuigusa. Akatoka na moto wake kwenye kigae.

Asubuhi ya kumi na moja shemeji akapiga hodi. Mama yake alikuwa amemshika mkono, kwa sababu alikuwa ameamka na jicho la kushoto limezima. Giza, alisema, kama mtu ameweka kofia juu yake. Akakaa kwenye kigoda changu cha chini. Nikamimina mursik kikombe kikubwa, nikamwekea mbele yake. Akanywa. Nikamimina cha pili. Hicho cha pili hakikuwa na sababu, nilitaka tu kuona koo lake likipanda na kushuka.

Akasema, "Ni nzuri, mama watoto."

Ndiyo nikainuka, nikafungua kitambaa kwenye msumari.

Alimeza zile tembe, akaenda hospitali, akaishi miaka. Lile jicho halikurudi. Kama lingepona iwapo angezipata siku ile ya kwanza, sijui. Dokta hakurudi tena na mimi sikutafuta wa kumuuliza. Kila mwezi shemeji alikuwa anakuja kwangu nimsomee tarehe kwenye kadi, anageuza kichwa chote ili anione na lile moja, na anakunywa kikombe chake mpaka mwisho. Ukiniuliza ningerudia, nitakwambia ningerudia yote ya pale ukumbini, neno kwa neno, na ile ya kuoza pia. Zile siku kumi na moja, hapo usiniulize.

Lakini mama mkwe, yule aliyenifundisha mkono juu ya mkono, alikuwa anaketi pale na sisi, na kikombe kikifika kwake anakifunika na kiganja. "Nimeshiba," anasema. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila siku alikuwa ameshiba.